Pawa Saplai Nyepesi

Tena, Nairobi
Tarehe 9 Juni

Kwa dada yangu Ayuma,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Watoto hawajambo? Mguu wa shemeji umepona? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Najua utauliza kwa nini nakuandikia na simu ninayo. Nimejaribu mara nne, na kila nikisikia sauti yako nakata.

Binamu yetu Triza amenieleza kwamba tangu tumzike mama hulali, na unawaambia watu ni wewe uliyemuua kwa lile birika la stima ulilomnunulia alipokuja huku kutibiwa macho. Tafadhali, soma barua hii mpaka mwisho kabla hujaikunja.

Unajua nilivyochoshwa na vibarua vya Industrial Area. Nilitaka kompyuta ya kuhariri video za harusi, na mpya singeiweza, basi nikaanza kuokoteza vipande vilivyotumika. Wee, nilijiona mjanja! Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, niliitoa kwenye mashine iliyotupwa na ofisi fulani. Kadi ya picha niliitafuta wiki tatu, nikazungusha feni zake kwa kidole, nikainusa nijue kama iliwahi kuungua. Ikamaliza mfuko.

Ikabaki pawa saplai, lile sanduku linalogawia mashine umeme. Hirad, anayeuza vipande kule Mbotela, aliniwekea mbili mikononi akaniambia nizipime uzito. Akasema nzito ina shaba ya kutosha ndani, nyepesi ni bati tu, ikilemewa huwaka. Alinisihi niirudishe ile kadi nichukue ya chini kidogo, ili nipate pesa ya ile nzito. Nilimcheka, nikamwambia hakuna bibi harusi atakayeuliza habari za pawa saplai. Nikabeba nyepesi.

Jumatatu ile mama alikuwa na bendeji machoni. Asubuhi nilimpikia chai, nikaitia kwenye thamosi, nikamwekea karibu na kitanda. Mashine niliiacha ikitayarisha video, kazi ya saa sita. Mama aliniambia anasikia harufu ya plastiki. Nikamjibu ni vumbi tu, vitu vya mtumba ndivyo vilivyo, nikaenda Umoja kumpelekea mteja flashi yenye video yake.

Niliporudi moshi ulikuwa unatoka dirishani. Jirani yangu Mulongo alikuwa chini akizima stima ya ploti. Niliingia peke yangu. Mama alikuwa sakafuni. Alikuwa amepapasa mlango kwenye ukuta usio na mlango.

Ayuma, sasa nikwambie nililomficha kila mtu. Meza ya kompyuta ilikuwa imeungua, na birika lako lilikuwa kando yake, limeshika masizi tu, waya wake umekunjwa vile mama alivyoukunja. Mimi ndiye niliyeukunjua. Mimi ndiye niliyechomeka plagi kwenye soketi kabla Mulongo hajapanda. Watu walipoliona wakasema mama wa watu alisahau birika, nami nikaitikia kwa kichwa. Hata kaburini niliitikia.

Mama hakuchemsha chochote siku ile. Chai yake ilikuwa kwenye thamosi. Hukumuua, dada. Ni mimi.

Jumamosi nakuja nyumbani kuyasema haya mbele ya wajomba, wanifanye watakavyo. Kama hutaki nikanyage kwako, mpe Triza ujumbe, nami nitalala stendi.

Wasalimie watoto, na shemeji umpe pole ya mguu. Ile pawa saplai nitakuja nayo. Uishike mwenyewe, uone ilivyo nyepesi.

Ni mimi ndugu yako,
Wanyonyi