Aliyesimama Mbele ya Mijeledi

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamke, anajulikana kama Mama Vifungo. Umri: miaka 61. Kazi: fundi cherehani. Makazi: nyumba za nyuma ya ukumbi wa kanisa.

Nasema haya kwa hiari yangu, na nimeombwa nisizungushe maneno.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, Jumapili, saa tisa alasiri, nilikuwa katika ukumbi wa kanisa na kaka yangu, seremala mstaafu ambaye watu humwita Kaka Randa. Ilikuwa inaonyeshwa filamu ya mateso ya Bwana. Tulikaa mstari wa mbele kwa ajili ya macho yake.

Nimeulizwa kama kaka yangu ni mtu wa fujo. Hapana. Ila ili nieleweke, inabidi nirudi nyuma kidogo. Tulipokuwa wadogo, baba yetu ndiye aliyeonyesha filamu za namna hiyo katika ukumbi huo huo, juu ya shuka la kitandani lililopigwa pasi. Watu walijaa mpaka madirishani. Askari wakianza kumchapa Bwana, mama alikuwa anainuka, anakwenda mpaka kwenye shuka, anaifuta ile damu kwa kitambaa chake cha kichwa. Hakuna aliyecheka. Baba alikuwa anasimamisha picha, anamngoja mama arudi kukaa, ndipo anaendelea. Njiani kurudi nyumbani kaka alikuwa ananishika mkono, ananiuliza kama Bwana bado anaumwa. Siku zile zilikuwa tamu, hata pamoja na kilio chetu.

Jumapili hiyo sauti ilikatika wakati wa mijeledi. Fundi wa mitambo, kijana mpole asiye mtu wa kanisa, akasema, "Samahanini wazee wangu, narudisha nyuma kidogo." Bwana akaanza kuchapwa upya. Sauti ikakatika tena, akarudisha tena. Nyuma yetu watu walicheka. Mmoja akasema, "Kwani hiyo si rangi tu?" Mimi nilikuwa natazama mshono wa kanzu za waigizaji. Ndivyo nifanyavyo siku hizi ili nisilie.

Kaka akaninong'oneza, "Mdogo wangu, si wameshampiga? Wanampigia nini tena?"

Akainuka, akaenda kusimama mbele ya skrini, akaipa mgongo, akatanua mikono. Mijeledi ikawa inapita juu ya shati lake jeupe. Fundi akamfuata, akamwambia, "Shikamoo mzee, naomba ukakae," akamshika mkono. Kaka akamsukuma. Fundi akaangukia mashine yake ya kuonyeshea picha, iliyokuwa hatua chache kutoka skrini, ikavunjika, naye akateguka kiwiko.

Nimeulizwa mara mbili, nami narudia: ndiyo, alimsukuma. Nilikuwa karibu, niliona. Ningependa kusema aliteleza, lakini hakuteleza.

Nilimpeleka fundi zahanati, kaka akatufuata nyuma. Alipokuwa anafungwa bendeji, fundi akamuuliza bila hasira, "Mzee, pale wewe uliona nini? Maana mimi nilikuwa nahangaika na sauti tu."

Kaka akasema, "Niliona mtu anapigwa na watu wamekaa." Kisha akasema, "Nisamehe mwanangu. Wewe hukuwa unampiga."

Fundi akautazama mkono wake uliofungwa. Akasema, "Lakini mimi ndiye niliyekuwa narudisha."

Kaka alimshikia kikombe cha maji mpaka akamaliza kunywa.

Niliyoyaona ni hayo, sikuongeza wala sikupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekubali kuwa ni sahihi. Mlalamikaji, yule fundi wa mitambo, amefika kituoni, mkono ukiwa umefungwa, kuomba shauri liondolewe. Nimelipeleka ombi lake kwa mkuu wa kituo. Shahidi ameomba kwamba popote jalada linaposema "mtuhumiwa" paandikwe "kaka yangu". Nimemweleza kuwa utaratibu hauruhusu. Katika maelezo haya nimeyaacha maneno yake kama alivyosema mwenyewe.