Nimeongeza Spika, Mume Bado Anavuka Barabara

Mpendwa Shangazi Scholastika,

Shikamoo. Kila Jumamosi nasoma safu yako nikiwacheka wenzangu, leo zamu yangu imefika, nakuomba unisaidie kabla sijachekesha mtaa mzima. Naitwa Moza, nauza vitenge Kariakoo, mimi na mume wangu Nurdin tumepanga huku Msimbazi, dirisha letu linatazamana na baraza la Mzee Ubeid, na huyo Mzee Ubeid ana binti anaitwa Fakhriya, ameachika karudi kwa baba yake, na balaa langu lote limeanzia hapo.

Fakhriya aliletewa redio na kaka yake. Shangazi, nitasema kweli ingawa inaniuma, ile redio inaimba. Hata akiifungulia mpaka ng'ambo ya mtaa isikike, besi inakugonga kifuani lakini maneno ya mwimbaji yanakuja safi, unasikia mpaka anavyovuta pumzi. Jumapili jioni watu wanajaa barazani kwake, na Nurdin wangu, ambaye zamani Jumapili tulikuwa tunakaa wawili tunamenya karanga na kiredio chetu, naye akaanza kuvuka barabara. Nikimuuliza ananiambia, "Twende wote, Moza, muziki hauna ugomvi." Niende mimi? Nikae kwenye mkeka wa mwanamke hana mume, nimwangalie anavyommiminia wangu kahawa?

Halafu siku moja Fakhriya akapiga taarabu ya kumsema mwanamke asiyejua kutunza mume, akairudia, na wewe Shangazi ni mtu wa mjini, unajua wimbo kama ule haupigwi bure, ule ulikuwa wangu mimi. Nikaapa nitamjibu. Nikaenda kwa Ridhiwani anayeuza redio jirani na kibanda changu, nikachukua amplifaya na spika mbili ndefu zinazonifika kiunoni, nikazipandisha juu ya kabati zitazame dirisha, nikatafuta taarabu ya kuwasema waiba waume, nikafungulia mpaka mwisho. Aibu niliyoipata! Sauti ikaanza kukwaruza, besi inakoroma, vioo vinatetemeka, maneno hayasikiki hata kidogo, yaani namrushia mtu kijembe hakimfikii. Leticia wa chumba cha pili akanijia mlangoni, "Shoga, wimbo wenyewe upi? Mimi nasikia mashine ya kusaga." Nikarudi kwa Ridhiwani nikaongeza spika ya besi peke yake, nikaongeza na zile ndogo za sauti nyembamba, na bado ikipanda inakwaruza.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita Nurdin alirudi kazini mapema, akasimama mlangoni simu mkononi, akasema kitu. Mimi wimbo ndiyo umefika penye maneno makali, na Fakhriya ndiyo kwanza katoka barazani, nikaona midomo ya Nurdin inacheza tu. Nikaitika kwa kichwa, nikamwonyesha dole gumba aondoke nisipitwe, nikazidisha sauti. Akanitazama, Shangazi, jinsi alivyonitazama siwezi kukueleza. Akageuka, akavuka barabara. Tangu hapo hana neno na mimi isipokuwa "nimeshiba." Na siku hizi hakai hata barazani kwa watu, anapitiliza mpaka uani, simu sikioni. Uani! Mzee Ubeid yupo, ndiyo, lakini macho yake hayaoni vizuri, ataona nini?

Kesho yake nimekutana na Fakhriya gengeni, nanunua nyanya, ananijia kwa sauti ya upole, "Pole sana, da Moza." Pole! Mtu anakuchukulia mume halafu anakupa pole mbele ya muuza nyanya! Nikamwambia pole hiyo ampe mumewe aliyemtupa. Watu wakaguna. Yeye akainamisha kichwa akaondoka, na toka siku ile hajaifungulia redio yake hata mara moja, Jumapili nzima kimya, nikajua nimemshinda. Lakini ushindi gani huu ikiwa mume yuko upande wake?

Na jana nimefagia uvunguni nimekuta begi. Mashati yake, kanzu, doti ya kanga mpya, na ndala za kike, pana, laini. Si zangu. Na mguu wa Fakhriya mdogo kama wa mtoto, basi hata sijui ni wangapi. Wifi yangu Tatu naye anapiga simu kutoka Lindi, redio ikiwa juu sisikii ikiita, naziona baadaye na sijampigia, najua kaka yake kamtuma anitayarishe kwa talaka. Kinachoniliza ni mama yao, naye yuko huko huko Lindi. Yule mama ndiye aliyenichagua, mpaka leo ananiita mwanangu, nitamtazama vipi?

Shangazi, nibadilishe amplifaya kwanza au spika, ili Jumapili hii isikike vizuri mpaka uani kwa Mzee Ubeid? Na Nurdin nimrudishe vipi? Wivu unanila, silali.

Moza, Msimbazi.

Shangazi anajibu:

Marahaba, Moza.

Umeuliza redio kwanza, mume baadaye. Kwa hilo tu ningekufinya, lakini nitakujibu kama ulivyouliza. Marehemu mume wangu alikuwa akipiga muziki kwenye harusi, haya nimeishi nayo. Amplifaya yako ni ndogo. Ukiizungusha mpaka mwisho inaishiwa nguvu, sauti inakatikakatika, na huo ndio mkwaruzo unaousikia. Kila spika unayoiongezea ni gunia jingine juu ya punda aliyekwisha choka, na Ridhiwani anafurahi kukuuzia magunia. Tafuta amplifaya yenye nguvu ya kuzibeba hizo spika huku imebakiza. Ziteremshe kabatini, zitoe kwenye kona, ning'iniza pazia zito dirishani, na sauti usiizungushe kupita nusu. Hapo utaisikia mpaka pumzi ya mwimbaji.

Lakini usinunue kitu Jumapili hii. Keti chini, dada yangu. Soma barua yako mwenyewe kama vile imeandikwa na Leticia.

Fakhriya alipiga wimbo, ukajipa. Mtaa mzima una wanawake, wewe ndiye uliyenyoosha mkono ukasema "huo wangu." Hata kama ulikuwa wako, kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi, na wewe umejinyima wako mwenyewe. Mume wako alikuita mwende wote. Mwanamume mwenye siri uliona wapi akamwalika mkewe?

Uani unakokulilia, mtu anakwenda na simu sikioni kwa sababu barazani spika zako zinamfuata. Na Mzee Ubeid haoni vizuri, sawa, masikio je? Kati yenu wote naona huyo mzee ndiye anayesikia.

Sasa nijibu wewe. Mtaani kwetu, jirani anamwambia jirani "pole sana" kwa jambo gani? Na jirani mwenye redio nzuri, Jumapili, watu wamezoea kuja kwake, anaizima kwa sababu gani? Wewe si mgeni wa mji huu. Mwenzako anapouguliwa au kufiwa, unazima redio yako bila kuambiwa. Hukumshinda Fakhriya. Alikuwa anakuheshimu, na ukamtukana kwenye nyanya.

Begi lina kanzu, kanga mpya, ndala pana na laini. Hizo ni ndala za miguu iliyovimba, Moza, si za hawara. Wifi anapiga kutoka Lindi, hapokelewi. Nani yuko Lindi? Umemtaja mwenyewe, mwisho wa barua yako, yule anayekuita mwanangu.

Mimi si mpiga ramli, huenda nimekosea, na ningefurahi kukosea. Lakini nadhani Nurdin hakurudi mapema siku ile kuja kukuaga. Alikuja kukwambia mama anaumwa. Akasimama mlangoni kwake, akamwambia mke wake neno zito kuliko yote aliyowahi kumwambia, na mke wake akaitika kwa kichwa, akamwonyesha dole gumba, akazidisha muziki. Hujui kwa nini alikutazama vile? Anaamini ulisikia.

Kwa hiyo mwenzako hana kinyongo cha mapenzi. Anabeba ugonjwa wa mama yake peke yake kwa siku zote hizi, akidhani mkewe anaufanyia ngoma. Jirani amempa mahali penye utulivu pa kuongea na dada yake. Wewe umempa besi. Nakuonea huruma, maana wivu umekuziba masikio zaidi ya hizo spika, na najua hukukusudia. Yeye hajui.

Fanya hivi, leo, usingoje Jumapili. Zima redio, ing'oe na waya. Mpigie wifi Tatu, na akikufokea nyamaza, una haki ya kufokewa. Kisha vuka barabara wewe. Ndiyo, barabara ile ile. Mwamkie Mzee Ubeid, mwombe Fakhriya radhi kwa ya gengeni, hata kama muuza nyanya anasikia, tena bora asikie. Ukimkuta Nurdin uani usimuulize anafanya nini humo. Funga na nguo zako kwenye lile begi, kama lina nafasi, na kama halina tafuta jingine, mwende Lindi wote.

Na kabla ya yote hayo kuna neno moja la kumwambia, wala halihitaji amplifaya. Mwambie, "Nurdin, siku ile sikusikia." Kisha muulize mama anaendeleaje, na unyamaze mpaka amalize kujibu.

Shangazi Scholastika