Kipima Chumvi Kilichokosa Usingizi

Jedida weee, nusura nifukuzwe kazi leo! 😂

Si wavijua vile vipima chumvi nilivyofunga kwenye mabwawa hapa Marereni? Nimevipanga vilale ili betri idumu. Vikitikiswa tu ndio viamke vitume ujumbe, nijue vinaibwa.

Sasa vya bwawa la mwisho vikawa vyafa kila wiki. Kila asubuhi vyanitumia ujumbe, nikikimbia navikuta vyote vipo. Bosi Musembi akaniambia, "Betri ikifa tena, nawe uende nayo."

Leo asubuhi nikajibanza nyuma ya lundo la chumvi. Nani huyo? Mzee Kahindi, mlinzi wetu wa upande huo! Apita kimoja kimoja akigonga: "Hodi! Umeamkaje?" Kinaamka, taa inawaka, ujumbe huo! KIMOJA KIMOJA, Jedida!

Nikatokeza. Shikamoo mzee, mbona wavigonga?

"Marahaba. Twafanya kazi pamoja, nivipite kimya kama tumegombana?"

Nikamwambia kila salamu yala betri. Mzee akashika mdomo!

Nikamwita bosi, nikamweleza. Alicheka hadi machozi. Kazi bado ninayo! Kisha akanyoosha kidole, naye agonge kimoja.

Mzee akamdaka mkono: "We Musembi! Mwache mwenzio alale!" 😂😂