Diski ya Zamani Juu ya Mpunga

Eufrasia, nimeketi tu. Hata machozi sina.

Unaijua kompyuta ya marehemu mume wangu, Kelestini. Juzi fundi Beatus aliitia diski mpya ya kasi, SSD. Sasa inawaka kabla sijavaa miwani. Ile ya zamani alinikabidhi mkononi: "Bibi, itunze. Sauti ya Babu imo humu, Jumatatu nitaihamisha."

Niliiweka mezani. Mkwe wangu Angelina akauliza, "Mama, chuma hiki bado kina kazi?" Nikamjibu, "Kompyuta haikihitaji tena." Ndivyo nilivyomjibu, Eufrasia. Mimi mwenyewe.

Leo nimefika shambani Mchombe. Visahani viwili vya kung'aa, vilivyotolewa ndani ya diski ile, vinaning'inia kwa kamba juu ya mpunga.

"Vinang'aa kuliko CD, Mama," Angelina akaniambia. "Ndege hawasogei."

Nimempigia Beatus. Akasema, "Pole, Bibi. Ikishafunguliwa, hairudi."

Ndiyo sauti pekee ya Kelestini niliyokuwa nimebakiwa nayo. Humo alikuwa akiwinga ndege katika shamba hilo hilo, huku akicheka.

Angelina sijamwambia. Visahani nimeviacha palepale. Mpunga umeanza kukomaa, na ni kweli, ndege hawasogei.