Mawese ya Karema

Kasansa, Jumapili

Kaka yangu Anselmo,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu. Wewe na wifi Marsela hamjambo? Watoto wanasoma? Huko Karema ziwa limetulia, au upepo bado unawanyima dagaa? Sisi tunapumua, zaidi ya hapo siwezi kukudanganya. Nimeona niandike, maana kila nikikupigia, ukipokea tu naanza kulia, nawe unabaki kuita haloo, haloo mpaka salio linakwisha.

Shemeji yako Gaudensi hajapata nafuu. Macho yamekuwa ya njano, tumbo limejaa maji, ugali anautazama tu. Mwanaume aliyekuwa akibeba gunia peke yake, sasa namshika mkono kwenda chooni. Inaniuma sana, kaka.

Daktari wa Mpanda alituuliza tunakula nini. Nikamweleza bila wasiwasi, nikidhani ni maongezi. Unajua tulivuna mahindi hayajakauka, kwa kuogopa ng'ombe wasiingie shambani, tukayarundika ndani chini ya turubai. Yalipoota ukungu tukafanya kama siku zote: yaliyooza sana tukayatenga ya pombe ya komoni, mengine tukayaosha na kuyaanika, yakang'aa. Na Gaudensi ndiye mwonjaji wa kila pipa la komoni, unamjua. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema ukungu ule huacha sumu iitwayo sumukuvu, haiishi kwa kuosha wala kwa kuchemsha, na kinachoumia zaidi ni ini.

Nikamwendea Spès, binti wa jirani yetu Dieudonne, anayesomea mambo ya maabara. Alinieleza habari za vitamini E. Kwamba wataalamu waliweka seli za ini kwenye vyombo, wakazitia sumu, na zile zilizopewa vitamini hiyo zikastahimili kuliko nyingine. Akataja kuwa mawese mekundu yanayo. Siku ile ile nikakuomba mawese, nawe, Mungu akubariki, ukanijazia dumu. Nimekuwa nikimnywesha mume wangu kijiko asubuhi na jioni, kila kukicha namtazama macho kama yametakata.

Kumbe Spès alisema na nusu ya pili, ila mimi nilisikia ile niliyoitaka. Juzi nilimrudia kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyemuumiza. Akanivumilia. Akarudia kwamba seli zile zilipewa vitamini kabla ya sumu, na iliyokwisha kufa haifufuki. Tena seli kwenye chombo siyo mtu mzima mwenye ini lililoharibika. Daktari naye akasema hivyo hivyo, kwa upole uliozidi kunitisha.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata padre sijamwambia. Mahindi yale bado yako stoo, na ndiyo chakula pekee tulicho nacho. Kuyauza siwezi, nimuuzie nani sumu? Nikiyafukia, tutakula nini mpaka mavuno? Daktari alinikataza, nikaitikia ndiyo, nikarudi nyumbani nikasonga. Wanangu Maiko na Mary nimekuwa nikiwapa ugali ule ule, kaka, naudondoshea mawese yako juu, najiambia kwamba hawa angalau nimewawahi.

Jana Gaudensi aliniona. Alikuwa kwenye mkeka pale nje ya jiko. Nilipompelekea kijiko chake akausukuma mkono wangu, akasema taratibu, "Romana, mafuta hayawezi kushindana na sufuria yako. Watoe watoto kwenye hayo mahindi. Mimi niache."

Nilikaa chini pale pale.

Kwa hiyo usitume mawese tena. Tuma mchele au mahindi makavu, hata kidogo. Kama huna, usione aibu, njoo uwachukue watoto wakae na wifi. Mimi nitabaki na baba yao. Leo wameshinda na chai kavu, na Mary ameacha kuniuliza kuna nini jioni. Stoo imefungwa. Nilitaka kuuficha ufunguo nikaogopa nafsi yangu, nikampa Gaudensi. Ameulalia.

Mfikishie wifi salamu zangu, na watoto wote. Ukiomba rozari mtaje shemeji yako kwa jina lake. Nakungoja.

Mdogo wako,
Romana