Uyoga Wako Umechomwa Nyarugusu

Mayu, shikamoo. Huku machimboni Nyarugusu ni vumbi na jua, na leo nina hasira hata ugali haushuki.

Ule uyoga wako wa kupaka vidonda niliuloweka kwenye spiriti, maji yake nikayapitisha tone kwa tone kwenye mrija wa kioo uliojazwa unga wa kuchujia hadi rangi zikajitenga, kahawia huku, njano kule. Ile ya njano ndiyo iliyoua vijidudu nilipoijaribu. Nikaisafisha tena na tena, ukabaki unga wa kujaa ukucha tu. Nikauacha kwenye kibakuli ukauke wenyewe, nikaenda kunywa chai.

Narudi, nakuta Baba Kulwa, mpima dhahabu aliyeniazima meza ya maabara yake, ameuweka motoni. Wao dhahabu ikishakamatwa na zebaki huichoma, zebaki ikapaa, dhahabu ikabaki. Akaona anisaidie. Kibakuli kina masizi matupu, naye anasubiri ahsante.

"Mwanangu, mali safi haiogopi moto," ananiambia.

Mtu mzima yule, ningemtukana vipi? Nilitoka nje nikapiga teke ndoo, sasa kidole kimevimba. Kadi hii nimeinunua dukani kwao, picha yake ni dhahabu. Usiitundike ukutani.

Mungu akulinde, mayu, na akuepushe na wasaidizi. Mvua zimekwisha, mwingine hautaota, kwa hiyo uyoga uliobaki kwako usimpe mtu mpaka nije, hata akija na kidonda kinachonuka.

Hapana. Mwenye kidonda mpe.

Mwanao, Nyamizi