Kijiko Katika Kila Nyumba

Kijijini karibu na Strumica, Mei 5, 1987

Mama mpendwa,

Amani ya Mungu iwe nawe. Tumefika, na mifupa yetu iko mahali pake ingawa treni ilifanya kila juhudi kuitawanya. Nyonga yako inasemaje? Na yule kuku wako mweusi, anataga au bado anakula bure?

Kiril alikuja kutupokea stesheni. Unamkumbuka: yule dereva wa lori aliyeharibikiwa mbele ya kanisa letu hapo Békés mwaka juzi, ukamlisha supu ya samaki yenye pilipili mpaka machozi yakamtoka, naye akaomba aongezwe. Hajabadilika. Alimkumbatia Barnabás akamnyanyua juu juu mbele za watu, mwanao akabaki anapiga miguu hewani. Mkewe anaitwa Trajanka, mnene, mcheshi, hanyamazi. Anazungumza nami Kimasedonia tangu asubuhi, mimi namjibu Kihungari, na cha ajabu tunapika pamoja bila kuunguza kitu.

Usiulize tunaelewanaje. Kanisani tunaimba nyimbo zile zile, kila mtu kwa maneno yake, na "Amina" ni moja. Kwa mambo mazito tunatumia Biblia. Kiril anafungua yake, ananyooshea kidole mstari, Barnabás anautafuta kwenye yake kwa sura na namba. Juzi walikaa hivyo mpaka chai ikapoa, mwanao akifuta macho. Ananiambia hajawahi kuzungumza na mtu kiasi hicho tangu azaliwe. Nikamwambia ahsante sana, kumbe mimi miaka yote hii nilikuwa nabwabwaja na ukuta.

Jambo moja tu linanisumbua. Huku mgeni akiingia nyumba yoyote huletewa kisahani cha matunda yaliyopikwa kwa sukari mpaka yanameremeta, pamoja na kijiko na glasi ya maji. Lazima ule. Na lazima tuingie nyumba ya kila mshirika wa kanisa lao, maana tukiruka moja wataona tumewadharau. Wewe unaijua sukari ya Barnabás. Nikimkonyeza anajifanya haoni.

Mkweo,
Etelka

Mama, mimi mzima, nakula vizuri. Usimsikilize Etelka. Mwanao, B.


Békés, Mei 13, 1987

Etelka,

Amani ya Mungu iwe kwenu. Nyonga inauma na kuku nimemchinja. Sasa tuyaache hayo.

Hivi una akili kweli? "Nikimkonyeza anajifanya haoni"! Mpige teke chini ya meza! Baba yake alikufa kwa sukari hiyo hiyo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga vidonda vya miguu mpaka siku ya mwisho, kwa hiyo usiniletee habari za watu kuona wamedharauliwa. Waone. Watalala, wataamka, watakuwa wamesahau. Mimi mwana ninaye mmoja.

Mwambie huyo Kiril hapana. Hapana haihitaji shule. Kijiko kikija, mtu anafunga mdomo. Hata mtoto mchanga anajua.

Na wewe Barnabás, najua unasoma juu ya bega la mkeo. Huoni haya? Ulikuwa hivi hivi udogoni. Mtu angeweza kukuuzia mbwa wako mwenyewe, nawe ukamshukuru.

Njegere zimekomaa na hakuna wa kuzichuma. Rudini.

Mama mkwe wako,
Rebeka


Kijijini, Mei 21, 1987

Mama mpendwa,

Amani ya Mungu. Pole na nyonga, na pole na kuku, ingawa nadhani kuku ndiye wa kupewa pole. Barua yako nilimsomea Barnabás, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Etelka, mtu anakupa kitu kitamu kuliko vyote alivyo navyo nyumbani kwake. Huna hata neno moja la kumweleza kwa nini. Utamsukumia mkono?"

Mimi nilisukuma, Mama. Nilifunga mdomo. Trajanka akadhani naona haya, akanilisha kwa mkono wake. Nikaweka kiganja juu ya kisahani cha Barnabás. Nyumba nzima ikacheka, wakadhani namwonea mume wangu wivu, wakaniletea kisahani cha pili changu mwenyewe.

Sasa si jambo la kuchekesha tena. Vile viatu vipya alivyonunulia safari vilimtoa lengelenge kwenye kidole cha mguu. Hakusema, akaendelea kutembea nyumba kwa nyumba. Limepasuka, kidole kimekuwa cheusi, na tangu jana ana homa, hainuki. Dawa zake anameza, hazimsaidii.

Nikasema basi, nitumie njia yao wenyewe. Nilikaa jikoni na Biblia nikitafuta mahali popote panaposema kitu kitamu kinaua. Nikapata: Samweli wa Kwanza, sura ya kumi na nne, Yonathani anasema alionja asali kidogo tu na sasa imempasa kufa. Nikamwita Kiril. Nikamwonyesha mstari, nikamwonyesha Barnabás kitandani, nikamwonyesha mtungi wa matunda. Akasoma. Lakini Kiril hasomi mstari mmoja. Yeye lazima aanzie juu. Akafika pale Yonathani alipokuwa hoi, akala asali, macho yake yakatiwa nuru. Uso ukamng'aa! Akatoka mbio, akarudi na sega zima kutoka kwenye mizinga ya jirani, na Trajanka akamlisha Barnabás kijiko baada ya kijiko huku akimbembeleza.

Nikagonga mstari wangu kwa kidole, Mama, nikapiga kelele, "Kufa! Kufa!" Kiril akaushika mkono wangu taratibu, akaushusha hadi mstari wa arobaini na tano, pale watu wanapoapa kwamba Yonathani hatakufa, hata unywele wake mmoja hautaanguka. Kisha akanikumbatia, analia. Wanampenda kweli. Nifanye nini na watu wanaompenda hivi?

Mkweo,
Etelka


Hospitali ya mji, Mei 28, 1987

Mama,

Amani ya Mungu iwe nawe. Sijui nyonga yako iko vipi, naomba iwe heri.

Barnabás yuko hospitali. Kiril alimbeba mgongoni mpaka kwenye lori. Madaktari walimtoa damu, wakatazamana. Dawa wanampa, wanamhudumia vizuri, lakini hakuna hata mmoja anayejua neno la kwetu, na hapa hakuna Biblia ya kunyooshea vidole.

Leo asubuhi daktari alikuja na kalamu ya wino. Akaufunua mguu. Akachora mstari kuuzunguka, chini ya goti. Akanitazama. Kisha akanipa karatasi na kalamu ile ile.

Nilimuuliza Barnabás, lakini kwa homa alidhani mimi ni wewe, akaniomba nisimwambie baba kwamba amepoteza kofia. Nilikutafuta wewe, Mama. Nilitazama mlangoni kabisa, kana kwamba ungeingia unitukane halafu uniambie la kufanya.

Nimetia sahihi. Kama nimekosea, nisamehe.

Mkweo,
Etelka


Békés, Juni 1, 1987

Etelka mwanangu,

Amani ya Mungu. Yako ya tarehe ishirini na moja nimeipata leo. Homa? Kidole cheusi? Mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje kumaliza kusoma. Na wakitaka kukata, wasikate! Mlete nyumbani, nitamfunga mwenyewe, nilimfunga baba yake.

Nilikwenda posta kupiga simu. Binti wa posta akajaribu mpaka akanionea huruma. Kijiji hicho hakipatikani. Nikaenda kwa mzee wa duka la dawa, nikamweleza. Akashika kichwa. Anasema madaktari wa dunia nzima wana jina moja la ugonjwa huu, na hata mtu wa kawaida huko atalijua. Ameliandika kwa herufi zetu na kwa herufi zao. Nimelitia humu. Mpe Kiril alisome, mpe kila mtu. Jina moja tu, Etelka! Ningekupa siku unaondoka, kama kuna mtu angeniambia.

Naomba kwa kukaa, maana kupiga magoti siwezi tena. Mungu atanivumilia.

Mama mkwe wako,
Rebeka


Hospitali ya mji, Juni 8, 1987

Mama,

Amani ya Mungu. Karatasi ya mzee wa dawa imefika. Walishakata. Na Kiril alishaambiwa jina hilo na daktari, siku ile ile ya kukatwa.

Niliona akiambiwa. Walikuwa wamesimama penye dirisha la wodi. Daktari anasema, Kiril anaitikia, ghafla akaacha kuitikia. Trajanka alikuwa na kikapu mkononi, nyumba nyingine zilikuwa zimemtumia mitungi ya matunda yale ya sukari amletee mgonjwa. Kiril akamgeukia, akamwambia maneno machache tu. Trajanka akakiweka kikapu chini, akakaa sakafuni kando yake, hivyo hivyo, mtu mzima. Nilimfuata nikamshika. Akaficha uso wake nisiuone. Wakaondoka.

Tangu siku ile hawajaja. Wala mtu yeyote wa kanisa. Hapo kwanza manesi walikuwa wakiwafukuza kwa wingi wao.

Si wao waliomponza, Mama. Ni sukari, ni viatu, ni ukaidi wa mwanao. Nawe ulikuwa sahihi na mimi sikuwa na nguvu ya kumzuia, basi lawama nigawie na mimi. Lakini maneno haya nitawaambia kwa lugha gani?

Leo amepata fahamu vizuri. Hakuuliza mguu, aliona mwenyewe shuka limelala. Aliuliza, "Kiril yuko wapi? Mbona haji?" Nikamwambia ana safari ya lori. Akasema akirudi aje na Biblia, kuna mstari anataka kumwonyesha. Hakuniambia upi. Homa haijashuka na kidonda kinanuka. Nikipata wa kukaa naye, nakwenda kijijini kumleta Kiril.

Mkweo,
Etelka


Kijijini, Juni 19, 1987

Mama,

Telegramu imekufikia, najua. Amani ya Mungu ikushike, maana mimi sina mikono mirefu ya kukufikia. Sasa nikueleze kama ilivyokuwa.

Nilikuja huku kijijini. Nikabisha kwa Kiril. Lori lilikuwa uani. Pazia likatikisika, nikaona vidole vya Trajanka. Hakufungua. Nikaita, "Trajanka, anamtaka Kiril, hana ubaya, anamtaka tu!" Kihungari changu kikagonga mlango kikarudi. Nikaimba ule wimbo tulioimba pamoja siku ya kwanza, beti zote, nimesimama kizingitini. Ndani nikasikia mwanamume analia. Hawakufungua. Walidhani nimekuja kuwahukumu, na mimi sikuwa na namna ya kuwaambia sivyo.

Nikarudi hospitali. Barnabás akauliza, "Amekuja?" Nikamwambia yuko njiani. Akasema basi atamsubiri. Alisubiri mpaka kesho yake asubuhi, akafa akiwa ameelekea mlangoni.

Kumleta nyumbani kulishindikana, Mama. Mambo ya mpakani yalitaka majuma, na joto la huku halikumngoja. Nilimzika jana kwenye makaburi ya mji. Wachimbaji walikuwa wawili, jeneza linataka wanne. Wakanionyesha vidole, wengine wako wapi? Nikatazama huku na huku. Nje ya uzio, mbali, kanisa zima lilikuwa limesimama. Hakuna aliyethubutu kuingia. Kiril alikuwa mwisho kabisa, kofia mkononi.

Nilikwenda nikamshika mkono wa koti nikamvuta. Akajirudisha nyuma, akaziba uso. Nikamvuta tena. Nilikuwa namtukana huku namvuta, Mama, maneno yako yote ninayoyajua, na mwisho koti likachanika kwapani. Ndipo akaja. Nikamweka bega lake chini ya jeneza kwa mikono yangu mwenyewe, la mbele, upande wa kichwa. Wengine wakafuata.

Trajanka alilala nami kitanda kimoja usiku wa jana, ameng'ang'ania mkono wangu. Jumatano napanda treni.

Nisamehe kama wewe ungefanya vingine.

Mkweo,
Etelka


Békés, Juni 24, 1987

Etelka,

Amani ya Mungu iwe nawe. Barua hii haitakukuta, utakuwa umeshaondoka huko. Naandika kwa sababu nisipoandika nitavunja vyombo.

Ndiyo, ningefanya vingine. Ningemwacha asimame nje ya uzio mpaka aote mizizi. Nakwambia kweli, kwa kuwa mbele za Mungu siwezi kujifanya. Kwaya ilikuja hapa ikaniimbia habari za kusamehe. Nikawaambia waende wakaimbie wenye watoto. Wakaondoka wamenuna, na mchungaji amesahau mwavuli wake.

Halafu nikabaki peke yangu, nikazisoma tena barua zako. Nikamwona huyo mtu anambeba mwanangu mgongoni kwenda kwenye lori, na tena anambeba begani. Mimi niliyemzaa sikumbeba hata mara moja kati ya hizo mbili. Sijui niweke wapi hasira zangu, Etelka. Nikimtupia Kiril zinaniangukia. Nikikutupia wewe, huna mtu mwingine ila mimi. Barnabás naye hawezi tena kugombezwa.

Siwezi kumsamehe leo. Kesho sijui. Usiniombe.

Njegere zimekaukia shambani. Kitanda chenu nimekitandika, kisha nikakitandua, maana sikujua niweke mito mingapi. Utalala chumbani kwangu. Nikikutukana usinijibu, nikilia usinitazame. Njoo tu.

Mama yako,
Rebeka